Meno Mangapi kwa Barabara za Msasani

Mwenye baiskeli ya gia ishirini na moja anaweza kukosea gia mara chungu nzima kati ya Namanga na Masaki asijue hata kama amekosea. Kila kosa hudumu sekunde chache, kidole kinabonyeza, mambo yanakaa sawa. Mwenye gia moja hukosea mara moja tu, siku ya kununua sproketi, na kosa lile huenda naye kila mahali. Na kama baiskeli yenyewe haina friwili, yaani sproketi ya nyuma imefungwa moja kwa moja kwenye habu na pedeli zinazunguka muda wote gurudumu linapozunguka, basi kosa halikomei kwenye kuondoka. Linamfuata akiteremka, akikata kona, akipita juu ya tuta na akitaka kusimama. Kwa baiskeli hii ambayo vijana wanaiita fiksi, swali la meno mangapi mbele na mangapi nyuma linatangulia rangi, usukani na fremu. Miaka ya kunyonga baiskeli ya namna hii katika Rasi ya Msasani, Dar es Salaam, imenipa jibu ambalo vijana wengi huliona la kizee: gia ichaguliwe kwa kuangalia dakika ngumu kuliko zote za safari, na dakika tamu ziachwe zijitegemee. Ukipima hivyo bila kujidanganya, utaishia kwenye gia nyepesi kuliko ile uliyoiona kwenye picha.

Hesabu yenyewe ni ya darasa la tano. Gawanya meno ya mbele kwa meno ya nyuma, unapata uwiano, yaani gurudumu linazunguka mara ngapi kwa kila mzunguko mmoja wa pedeli. Zidisha uwiano huo kwa mzingo wa gurudumu, unapata mita unazosogea kila mzunguko. Gurudumu la 700 lenye tairi la milimita 28, ambalo ndilo la kawaida kwenye baiskeli za mashindano za mtumba zinazogeuzwa kuwa fiksi, lina mzingo wa mita 2.13 hivi. Meno 48 mbele na 16 nyuma ni uwiano wa 3 kamili, na mzunguko mmoja unakupeleka mita 6.4. Meno 44 kwa 17 ni uwiano wa 2.59, na mzunguko mmoja ni mita 5.5. Ukinyonga mizunguko 80 kwa dakika, kasi ambayo mtu mwenye mazoezi ya kawaida anaihimili bila kuhema, 48 kwa 16 inakupa karibu kilomita 31 kwa saa na 44 kwa 17 inakupa 26 na nusu. Hapo ndipo mnunuzi hunaswa. Anaona kilomita nne na ushee za bure, anailipia 48 kwa 16, anaondoka dukani akiwa ameshinda. Kwenye hesabu yake kila kitu kimo isipokuwa barabara.

Msasani ni tambarare. Kutoka kijijini kwa wavuvi hadi Masaki, Oysterbay na Namanga hakuna mpando unaostahili kuitwa mlima, na hilo ndilo linaloifanya gia moja iwe na maana hapa kuliko Mwanza au Arusha. Wanaotetea gia nzito husimama hapohapo: barabara bapa, gia kubwa, kuna mjadala gani tena? Lakini ubapa wa barabara hausemi lolote kuhusu utasimama mara ngapi. Anayetoka Msasani kwenda Posta kwa Barabara ya Ali Hassan Mwinyi anakutana na mataa, daladala inayochomoka kituoni bila kuonyesha, bajaji inayogeuza katikati ya barabara, na bodaboda iliyoamua kuwa upande wako ndio upande wake. Ndani ya mitaa kuna matuta, na baada ya masika kuna mashimo, hasa kuelekea Bonde la Mpunga ambako maji hutuama. Kila ukisimama, utaondoka. Nguvu unayohitaji kwenye pedeli ili baiskeli ipate mwendo uleule ndani ya muda uleule inapanda sawasawa na uwiano wa gia, kwa hiyo mwenye 48 kwa 16 anasukuma asilimia 16 zaidi ya mwenye 44 kwa 17, kila anapoondoka, asubuhi na jioni. Anayelipa tofauti hiyo ni goti, na goti halina spea Kariakoo. Zile kilomita nne za ziada huonekana tu pale barabara inapokuwa nyeupe kwa muda wa kutosha, jambo ambalo kwa mjini hutokea alfajiri na Jumapili.

Kama hesabu haitoshi, tuangalie waliokwisha kuijibu kwa vitendo muda mrefu kabla ya fiksi kufika Dar es Salaam. Baiskeli nzito ambazo nchi hii imezijua kwa vizazi, Raleigh ya Nottingham, Phoenix ya Shanghai, Hero na Avon za Ludhiana, na Swala ya hapahapa kwetu, kwa kawaida zilikuja na gia moja. Viwanda hivyo ni tofauti, na bado nyingi za baiskeli zao zina meno kati ya 44 na 48 mbele na kati ya 18 na 20 nyuma, kwenye gurudumu kubwa la inchi 28. Uwiano wao unacheza kati ya 2.2 na 2.7. Huo ni uamuzi uliopimwa na mamilioni ya miguu katika Afrika Mashariki na India, kwenye lami na kwenye vumbi. Mtazame muuza madafu anapoingia Barabara ya Haile Selassie asubuhi. Madafu yamefungwa vishada pande zote mbili za keria mpaka gurudumu la nyuma halionekani, panga limechomekwa chini ya kamba. Akiwa na madafu 40, kila moja kilo moja na nusu hivi, amebeba kilo 60 juu ya uzito wake mwenyewe. Haanzi akiwa amekaa. Anasukuma hatua chache huku ameshika usukani na kiti, anaweka mguu wa kushoto kwenye pedeli, baiskeli ikishashika mwendo ndipo anapitisha mguu wa kulia mbele ya kiti, juu ya bomba la fremu, maana nyuma hakupitiki. Kisha ananyonga polepole, mizunguko 50 hivi kwa dakika, na kwa 44 kwa 20 mwendo wake ni karibu kilomita 15 kwa saa. Mpe mtu yule 48 kwa 16 na biashara inaishia kwenye tuta la kwanza.

Nitajibiwa kwamba muuza madafu ana mzigo, na kijana wa fiksi ana mkoba mgongoni tu. Ni kweli, na ndiyo sababu siwaambii watu wafunge 44 kwa 20. Tofauti ya mzigo inahalalisha kupanda kutoka 2.2 hadi 2.6. Haihalalishi kufika 3, kwa sababu kwenye rasi hii kuna mzigo mwingine usiofungwa kwenye keria. Toure Drive inapita kando ya bahari, kusini hadi kaskazini, bila nyumba wala miti ya kutosha upande wa maji. Kusi likivuma katikati ya mwaka, anayetoka Masaki kurudi ufukwe wa Coco anakutana nalo usoni. Kaskazi ikiingia kuanzia Desemba, anaisikia anayekwenda kinyume. Nguvu ya upepo dhidi ya mwili haiongezeki kwa ulingano wa kawaida, huongezeka kwa mraba. Ukienda kilomita 20 kwa saa dhidi ya upepo wa kilomita 20 kwa saa, mwili wako unakutana na hewa ya kilomita 40, na ukinzani wake ni mara nne ya siku tulivu kwa mwendo uleule. Mwenye gia nyingi angeshusha. Wewe huna pa kushusha. Mwendo unaanguka hadi kilomita 16, na hapo mwenye 48 kwa 16 ananyonga mizunguko 42 kwa dakika, kila mkanyago ukiwa kama kupanda ngazi kwa mguu mmoja. Mwenye 44 kwa 17 bado ana mizunguko 48, na ingawa hajastarehe, miguu yake inazunguka badala ya kusukuma. Kwa kuwa fiksi hainyongwi nusunusu, yaani huwezi kunyonga kidogo ukapumzika baiskeli ikiteleza, tofauti hiyo ya mizunguko sita kwa dakika, kilomita mbili au tatu mfululizo, ndiyo inayoamua kama utafika kazini au utafika umechoka.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa mabingwa. Eddy Merckx alipoweka rekodi ya saa moja mjini Mexico City, tarehe 25 Oktoba 1972, aliendesha baiskeli isiyo na friwili yenye meno 52 mbele na 14 nyuma, akaenda kilomita 49.431. Miaka 50 baadaye, tarehe 8 Oktoba 2022, Filippo Ganna alifika kilomita 56.792 kwenye uwanja wa Grenchen, Uswisi, akiwa na 65 kwa 14. Kijana anaangalia namba hizo anasema: gia kubwa ndiyo mwendo. Ila fanya hesabu kwa upande wa pili. Gawanya umbali kwa mita za kila mzunguko, utakuta Merckx alinyonga karibu mizunguko 105 kwa dakika na Ganna chini kidogo ya 100. Gia zimetofautiana sana, miguu imezunguka karibu sawa. Gia ya Ganna ni kubwa kwa sababu nguvu zake, mkao wake na vifaa vya siku hizi vinampeleka kilomita 56 kwa saa, na kwa mwendo huo 52 kwa 14 ingemlazimisha kunyonga kupita kiasi. Mwendo ulikuja kwanza, meno yakafuata. Ukitaka kumuiga bingwa kwa haki, iga mzunguko wa miguu yake, na kwa mwendo wa mjini wa kilomita 25 kwa saa, mizunguko 100 kwa dakika ingekupa uwiano wa karibu 2, mwepesi kuliko wa muuza madafu. Siendi mbali hivyo. Mtu wa kawaida hastareheki kwa mizunguko 100, na akipata upenyo pale Daraja la Tanzanite lililofunguliwa 2022 atataka kukimbia kidogo. Lakini anayefunga 48 kwa 16 na kutambaa na mizunguko 60 kwa dakika hajamuiga Merckx kwa lolote.

Kuna upande wa pili wa gia ambao wenye friwili hawana haja ya kuuwaza: kusimama. Kwenye fiksi miguu inaweza kuzuia gurudumu, na wapo wanaotoa breki kabisa, kwa urembo. Tupime. Chukua mtu wa kilo 75 juu ya baiskeli ya kilo 12, kranki za milimita 170, mwendo wa kilomita 25 kwa saa. Akikaza pedeli kinyume kwa wastani wa kilo 40, nguvu inayofika barabarani kupitia 44 kwa 17 ni kama kilo 8 tu, kwa sababu gia ileile inayokuza mwendo ndiyo inayopunguza nguvu. Atasimama baada ya mita 28 hivi. Kwa 48 kwa 16 nguvu inashuka chini ya kilo 7 na umbali unakuwa mita 32. Breki ya mbele ya kawaida, ikishikwa vizuri kwenye lami kavu, inamsimamisha kwa mita 5. Hapo sijahesabu umbali anaokwenda kabla ubongo haujaamua. Kwa hiyo gia nyepesi inasaidia kusimama, asilimia kama 13 za umbali, na ni sababu nyingine ya kuipendelea, lakini hakuna gia duniani inayofidia breki iliyotolewa. Daladala inapochomoka kituoni, mita 28 na mita 32 ni kitu kimoja. Mabishano yote ya meno yanaanza baada ya breki ya mbele kuwepo, na anayebisha bila breki huwa sibishani naye.

Kufikia hapa nimeongea kana kwamba uwiano ndio kila kitu, na wengi huishia hapo. Meno 32 kwa 12 ni uwiano wa 2.67. Meno 48 kwa 18 ni uwiano wa 2.67. Mwendo ni uleule, na seti ndogo ni nyepesi na mara nyingi nafuu bei. Kwa nini ununue kubwa? Kwa sababu cheni haijui uwiano, inajua mvuto. Ukisimama juu ya pedeli na uzito wa kilo 80, kranki ya milimita 170, sproketi ya meno 32 inaivuta cheni kwa kilo 210 hivi. Ya meno 48 inaivuta kwa kilo 140. Mvuto ule wa kilo 210 nyuma unabebwa na meno machache ya sproketi ya 12, na kila kiungo cha cheni kinapoingia pale kinajikunja nyuzi 30, wakati kwenye meno 18 kinajikunja nyuzi 20. Mvuto mkubwa, meno machache, mkunjo mkali. Kwenye nchi baridi yenye lami safi tofauti hiyo ingechukua muda mrefu kuonekana. Msasani tuna mchanga laini unaopeperushwa kutoka Coco hadi katikati ya Toure Drive, na tuna hewa ya chumvi inayogeuza cheni kuwa nyekundu ikikaa siku chache bila mafuta. Mchanga ukishika grisi unakuwa msasa ndani ya kila pini. Hapo mvuto na mkunjo ndivyo vinavyoamua msasa ule usuguliwe kwa nguvu kiasi gani. Mwenye kupima ana njia rahisi: pini 25 mfululizo za cheni mpya, zenye nafasi 24 kati yake, zinachukua inchi 12 kamili. Zikifika inchi 12 na moja ya kumi na sita, badilisha cheni. Zikifika 12 na moja ya nane umechelewa, cheni imekwisha kuyala meno na utanunua vyote. Uzito wa ziada wa sproketi kubwa ni wa gramu mia chache. Ukitaka kuupunguza, acha kufuli la pili nyumbani.

Kwenye duka la spea kuna jambo jingine la manufaa, upana wa cheni. Cheni pana ya inchi moja ya nane, ile ya Phoenix, ndiyo inayopatikana kila mahali, kuanzia Kariakoo hadi kwa fundi anayekaa chini ya mwarobaini. Ni nafuu na inavumilia. Cheni nyembamba za baiskeli za gia nyingi ni ghali zaidi na kwenye fiksi hazikuongezei kitu.

Sasa lile suala la namba yenyewe, kwa nini 17 na si 16 wala 18, ambalo watu hulipita haraka ilhali ndilo lenye utamu. Vijana hupenda kulifunga gurudumu la nyuma na kuliserereza, wengine kwa mbwembwe, wengine kwa dharura. Kranki zikiwa mlalo ndipo miguu ina nguvu ya kufunga, kwa hiyo kila mara unaserereza pedeli zikiwa mahali palepale. Swali ni kama tairi nalo linakuwa mahali palepale. Kwa 48 kwa 16, kila mzunguko wa pedeli ni mizunguko 3 kamili ya gurudumu, kwa hiyo pedeli zikirudi, tairi nalo limerudi, na sehemu ileile ya mpira inasuguliwa siku zote hadi nyuzi zinatokeza huku sehemu nyingine zote bado mpya. Kanuni ni kuandika meno ya mbele juu ya meno ya nyuma kama sehemu ya hesabu, kisha kuipunguza mpaka isipunguzike tena. Namba ya chini ndiyo idadi ya madoa tairi litakayoyapata. 48 kwa 18 inapungua hadi 8 kwa 3, madoa matatu. 44 kwa 16 ni 11 kwa 4, madoa manne, na kwa kuwa namba ya juu ni witiri, anayeweza kuserereza kwa mguu wowote mbele anapata manane. 44 kwa 17 haipunguziki. Tairi lina madoa 17, limechakaa mzunguko mzima kwa pamoja, na litaishi mara nyingi zaidi kwa matumizi yaleyale. Namba tasa nyuma inakupa faida hiyo karibu bila kufikiri, alimradi mbele usiweke kigawe chake. Yupo atakayesema kwamba mwenye breki hana haja ya kuserereza. Sawa, mimi mwenyewe sisererezi kwa kupenda. Lakini mwenye fiksi atakayeapa kwamba hajawahi kufunga gurudumu pale mbuzi alipokatiza, simwamini, na bei ya 17 ni ileile ya 16.

Linabaki pingamizi ambalo nalikubali nusu. Dar es Salaam si Msasani peke yake. Kuna Mlimani, kuna Kimara, kuna Pugu, na anayekaa Msasani akasoma Chuo Kikuu anapanda na kushuka kila siku. Kupanda, 44 kwa 17 inafanya kazi kwa mtu mwenye miguu, na 48 kwa 16 inamshusha mtu huyohuyo asukume. Kushuka ndiko kugumu, na hapa gia nyepesi inadaiwa: kwa kilomita 40 kwa saa, 48 kwa 16 inazungusha miguu mara 104 kwa dakika, 44 kwa 17 mara 121. Mizunguko 121 si kitu cha mchezo kwa asiyezoea. Makalio yanaanza kuruka juu ya kiti, na kona au tuta likija mguu hauwezi kusubiri. Dawa yake ni kushika breki kuanzia juu, kabla mwendo haujakusanyika, na kufika chini ukiwa umepoteza sekunde kadhaa. Wenye mteremko wa kila siku wana dawa nyingine ya zamani. Kabla Tour de France haijaruhusu vibadilisha gia mwaka 1937, waendeshaji walikuwa na gurudumu la nyuma lenye sproketi pande zote mbili. Wakifika chini ya mlima walisimama, wakaligeuza gurudumu, wakaendelea na gia ya upande wa pili. Habu za aina hiyo bado zinatengenezwa. Weka 17 iliyofungwa upande mmoja na friwili ya 19 upande wa pili, na siku ya kwenda Mlimani ligeuze gurudumu nyumbani kwa spana moja.

Ila iwe habu ya kweli. Njia ya mkato inayojulikana ni kuchomelea friwili ya kawaida isizunguke yenyewe. Inafanya kazi kwa kunyonga mbele. Tatizo ni kwamba friwili imefungwa kwa nyuzi za upande mmoja tu, na ukikaza pedeli kinyume kwa nguvu unakuwa unaifungua. Habu ya fiksi ina nyuzi za kulia kwa ajili ya sproketi, kisha nati ya kushikilia yenye nyuzi za kushoto. Sproketi ikitaka kufunguka inaikaza nati. Hiyo nati ndiyo unayoilipia, na friwili iliyochomelewa haina mahali pa kuiweka. Tena ukishachomelea umeoa gia hiyohiyo, kwa sababu kubadilisha meno maana yake ni kukata chuma.

Na kubadilisha utataka, angalau mara moja, kwa kuwa hesabu inakufikisha karibu na miguu yako, haikufikishi ndani yake. Mtu wa kilo 60 na mtu wa kilo 95 hawatakubaliana kuhusu 17. Ndiyo maana fremu yenye mwanya mrefu wa ekseli, kama ilivyo kwenye baiskeli za mashindano za zamani, inafaa kuliko ile yenye mwanya wa kusimama wima. Cheni hukatwa kwa viungo viwiliviwili, na viungo viwili ni sawa na meno manne; jino moja linaisogeza ekseli milimita 3 tu. Kwa hiyo unapofunga mara ya kwanza, kata cheni ili ekseli ikae katikati ya mwanya, si mwisho wake, na cheni icheze juu na chini kama sentimita moja ukiibonyeza kwa kidole. Ukianza na 17, kusi likaja ukaona ni nzito, nunua 18, sogeza gurudumu mbele milimita 3, kaza nati. Uwiano umeshuka hadi 2.44, madoa ya tairi ni 9, na cheni ni ileile.